Mlango Niliokwangua kwa Wembe

Sikumwamini fundi yule tangu siku ya kwanza, na kilichonifanya nisimwamini ni upole wake. Katika Nakuru ya miaka ile, mtu mpole alikuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Mwenye makelele ulimjua: angekutukana, ungemrudishia, na mambo yangeishia hapo. Mpole alikusikiliza mpaka mwisho, akaitikia "sawa", kisha baada ya siku chache ukasikia fulani amechukuliwa na lori. Malori yale mimi niliyaona kwa macho yangu. Baba na mama walipakiwa kwenye mojawapo, kutoka shamba la setla kule Subukia nilikozaliwa, wakapelekwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, ambako mama hakuwa amewahi kulala hata usiku mmoja. Mimi Mkikuyu mwenzao nikabaki mjini kwa sababu moja tu: nilijua kuchora mstari ulionyooka.

Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani za nyumba katika ofisi moja ya ujenzi. Mzungu alichora kwa penseli, nami nikatandaza juu ya mchoro wake kitambaa chembamba kilichokazwa kwa wanga, kinachopenyeza mwanga, nikafuata mistari yake kwa wino mweusi. Ukikosea, hakuna ufutio utakaokusaidia. Unachukua wembe, unakwangua ule wino taratibu bila kutoboa kitambaa, kisha unasugua pale mahali kwa ukucha mpaka pang'ae, ndipo unachora upya. Nilikuwa hodari wa wembe. Mzungu wangu alisema hajaona mtu mwingine anayekwangua bila kuacha alama, nami nilijivunia sifa hiyo kuliko mistari yenyewe.

Ndipo likaja tangazo la viwanja. Waafrika wenye kazi ya kudumu mjini wangepewa mahali pa kujijengea nyumba za kisasa, siyo vile vyumba vya mstari mmoja tulivyozoea, ambamo mimi, mke wangu na watoto wanne tulilala tukitenganishwa na shuka. Nyumba iwe ya mawe, madirisha yawe ya vioo, jiko liwe na dohani, choo kiwe ndani ya uwanja. Mtu mmoja peke yake asingeweza, kwa hiyo iliruhusiwa watu wawili waungane: paa moja, familia mbili. Mimi nilikuwa na kalamu lakini sikuwa na mawe. Fundi, Mluhya kutoka upande wa Kakamega, alikuwa mwashi wa kuaminika aliyejenga maduka kadhaa ya Wahindi, naye hakuwa na mtu wa kumchorea. Mwenzangu wa kazini alitukutanisha. Tulipeana mikono, akaniita "karani", mimi nikamwita "fundi", na hatukuwahi kubadilisha majina hayo.

Kulikuwa na fomu. Kila mtu atakayelala katika nyumba ile aliandikwa hapo, na ilielezwa wazi kwamba akikutwa mtu asiyeandikwa, nyumba itachukuliwa kutoka kwa wote wawili. Kwa fundi hilo lilikuwa hasara kubwa. Kwangu lilikuwa mwisho. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na mimi nilitembea na pasbuku mfukoni, kile kitabu cha serikali cha kumruhusu Mkikuyu kukaa mjini, kila siku iendayo kwa Mungu. Kosa moja la namna hiyo lingenitoa kazini, na kutoka kazini hadi kwenye lori ilikuwa hatua moja.

Niliandika mke wangu na watoto wetu wanne. Halafu, chini kabisa, nikaandika mama yangu mzazi, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufia kule rizavu. Karani wa ofisi ya makazi aliniambia kwamba mama angehitaji barua ya ruhusa kutoka kwa wakubwa, na barua hizo hazina haraka. Nikasema aliache jina lake. Fundi aliandika mke na watoto watatu tu. Kisha akainama akaitazama fomu yangu, hasa pale chini kwenye mstari wa mama, akautazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu asiyehusika. Nililiweka moyoni.

Tulichora nyumba yetu siku za Jumapili baada ya kanisa, juu ya sanduku la chai lililokuwa meza yetu. Hapo nilikuwa bwana wa mambo. Niligawanya nyumba katikati kwa ukuta mmoja mnene, kila upande sebule na vyumba viwili, mlango wake na baraza yake. Jiko tulikubaliana liwe moja, nyuma upande wangu, kwa sababu dohani mbili zingekula mawe mengi, na mbele ya jiko nikaweka ujia mdogo wa kutokea uani. Mke wake angefika jikoni kupitia uani. Ilikuwa nyumba safi. Niliipenda hata kabla haijajengwa.

Jumapili ya tatu fundi akaweka kidole chake kikubwa kwenye karatasi, nyuma kabisa ya upande wake, pale unapopita ule ukuta wa katikati.

"Hapa, karani, niwekee kachumba kadogo."

"Ka nini?"

"Stoo. Ya vyombo vya kazi."

Nikachora. Akaniambia niongeze dirisha. Nikamuuliza ni stoo gani inayotaka dirisha la kioo, akasema vyombo vinashika kutu pasipo na hewa. Nikachora dirisha. Ndipo akasogeza kidole kwenye ukuta wa katikati.

"Na mlango utokee huku."

Nilidhani amekosea upande. Huku kulikuwa kwangu, kwenye ujia wangu wa jikoni.

"Fundi, hii stoo ni yako ama ni yangu?"

"Ni yangu."

"Na mlango iko kwangu?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe utapitia wapi kuchukua nyundo yako?"

Alikuna kidevu, akatazama sakafu. "Mimi sitapita," alisema. "Wewe chora tu, karani. Na ule Mzungu akiuliza, mwambie ni stoo."

Nilichora kwa penseli. Lakini tangu dakika ile sikuwa na amani. Nililigeuza jambo lile kazini, nikaligeuza nikila, nikaligeuza nikiwa kanisani huku wengine wakiomba. Mlango katika ukuta unaotenganisha nyumba mbili! Niliona mambo mawili tu yanayowezekana. La kwanza, anataka kumficha mtu. Askari wakija mbele kwake, mtu huyo anafungua kamlango kake na kujikuta kwangu, na atakayekamatwa naye ni mimi, Mkikuyu mwenye pasbuku. La pili, yeye mwenyewe ni sikio la serikali, na mlango ule ni wa kumwezesha kuingia kwangu atakapo na kuweka atakachoweka. Sikupata jambo la tatu. Mtu akishaogopa, hesabu yake huishia kwenye mbili.

Siku tuliyokwenda kuipima nyumba kwenye kiwanja, mashaka yangu yalinenepa. Fundi alipigilia vigingi na kuvuta kamba za mkonge, vyumba vyote vikaonekana chini kwenye nyasi kwa ukubwa wake halisi. Wake zetu wakaanza kuingia na kutoka kwenye milango ya kamba, wakijifanya wamebeba sufuria, wakicheka. Mke wa fundi alipofika kwenye ile stoo aliacha kucheka. Alisimama katikati, akanyoosha mikono kulia na kushoto, kisha akamwambia mke wangu jambo kwa sauti ya chini. Nilisogea kana kwamba nakagua kigingi.

"Kitanda kitaingia?" mke wangu alikuwa akiuliza.

Waliponiona wakaanza kuzungumza habari za sukuma wiki. Kitanda, ndani ya stoo ya nyundo! Ningeweza kumuuliza mke wangu tulipofika nyumbani, na sikumuuliza. Nilikuwa nimeanza kumshuku hata yeye, kwamba ameingizwa katika jambo bila kulijua, na nikaona heri nishughulike mwenyewe kimyakimya. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, na sisemi kwamba nimepona kabisa.

Kesho yake ofisini nilitandaza kitambaa juu ya mchoro wetu. Mzungu wangu alikuwa amenipa ruhusa kutumia vifaa. Niliuchora mlango ule kwa wino kama ulivyokuwa kwenye penseli, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Halafu nikauangalia. Halafu nikachukua wembe. Nilikwangua mlango kutoka kwenye ukuta wa katikati, nikasugua kwa ukucha mpaka pakang'aa, nikaupitisha mstari wa ukuta moja kwa moja, mzima, bila nafasi. Mlango wa stoo nikauhamishia upande mwingine, utokee sebuleni kwa fundi, mahali mlango wa stoo ya mtu unapopaswa kutokea. Sikumwambia mtu yeyote, hata yule niliyelala naye kitanda kimoja. Ramani ilipelekwa, ikapigwa mhuri, ikawa sheria.

Nilimkabidhi fundi ramani kiwanjani, mchana, jua likiwa utosini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Aliikunjua, akaisoma kwa kidole chumba kwa chumba, akafika kwenye ule ukuta, kidole kikasimama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna Mzungu aliyewahi kulifanya ofisini kwetu. Aliinua kitambaa juu, akakielekeza kwenye jua, akafumba jicho moja jinsi anavyofanya akitazama kama ukuta umepinda. Alitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari.

"Sawa, karani," alisema.

Hakuuliza mlango umekwenda wapi. Angegombana nami ningelala vizuri. Ile "sawa" yake ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa maana mtu aliyetaka mlango kwa nguvu zile haukosi hivihivi tu akanyamaza, isipokuwa ana njia nyingine.

Basi nikawa mlinzi wa ukuta. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia kiwanjani na futi yangu, nikapima unene, nikapima urefu, nikahesabu safu za mawe. Fundi alikuwa akichonga mawe yake na kuniambia "Karibu, karani, shika mwiko", nami nikashika mwiko kidogo ili nipate kuangalia kwa karibu zaidi. Ukuta ulipofika kifuani sikuona kasoro yoyote. Ndipo ofisi ikanituma Naivasha wiki mbili, kwenda kunakili ramani za majengo ya shamba moja kando ya ziwa. Nilikwenda nikiwa nimekasirika kama mtu anayetolewa mezani kabla ya nyama.

Niliporudi ukuta wa katikati ulikuwa umefika juu, na upande wangu wa ujia ulikuwa umepigwa plasta. Plasta, kabla ya bati! Hata mimi mtu wa kalamu nilijua kwamba hakuna fundi anayepaka plasta nyumba isiyo na paa, mvua ije iioshe. Nilimuuliza.

"Nilikuwa na simiti ilibaki," alisema. "Ingeharibika."

Nilingoja aondoke, nikaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Niligonga toka mwanzo wa ujia hadi mwisho. Kila mahali palijibu kwa sauti kavu ya jiwe na saruji, ila pale nilipokuwa nimekwangua wino. Pale palijibu kwa sauti butu, ya chini. Niligonga tena. Nikaweka sikio. Sasa nilijua: ameficha kitu ndani ya ukuta, upande wangu, na siku hizo risasi moja tu ikikutwa ukutani kwa Mkikuyu, hakuna atakayeuliza mwashi alikuwa nani.

Tulihamia hivyo hivyo. Watoto walikimbia kutoka chumba hadi chumba wakipiga kelele kwa furaha, na mimi nilipita ujiani nikiukwepa ule ukuta kama mtu anayekwepa mbwa aliyelala. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Ule mlango mbona hauonekani?" Nikamjibu kwamba fundi aliamua vingine. Alinitazama, akaendelea kumenya viazi.

Baada ya wiki tatu sikuweza tena. Asubuhi ya Jumatatu moja niliomba ruhusa kazini, nikaenda ofisini kwa Bwana wa Lokesheni, yule Mzungu aliyesimamia makazi yetu. Maneno nilikuwa nayo tayari: Bwana, kuna kitu katika ukuta wetu, mimi sihusiki. Niliketi kwenye benchi la baraza. Karibu yangu alikaa askari wake akipiga buti zake rangi. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile watoto wa fundi walikunywa uji jikoni kwangu, kwa kuwa jiko ni moja, na yule mdogo alinimwagia kwenye suruali. Doa lilikuwa bado lipo. Nililitazama doa lile, nikamwona fundi akipakiwa kwenye lori, na mke wake na watoto wakisimama barabarani na sufuria.

Bwana alitoka. "Nini wewe nataka?"

"Mfereji, bwana," nilisema. "Mfereji wa maji machafu unaziba."

"Mfereji zibua wewe mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nikijichukia kwa kwenda na nikijichukia kwa kutosema. Na mfereji haukuwa na shida yoyote.

Mambo yalifumuka Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nikirudishia kioo cha dirisha la mbele, fundi ameketi barazani kwake akinoa tindo. Mara nikaona mke wake akipanda barabara kutoka upande wa stesheni, amebeba mzigo kichwani, na nyuma yake anakuja mama mzee mwembamba aliyekumbatia kuku. Fundi akainua macho. Nilimwona waziwazi. Alidondosha tindo, akavuta kofia ikamfunika uso wote, akashika mbio. Mtu wa makamo, mwenye heshima zake, alikata kona ya nyumba, akaruka ua, akatokomea katika mahindi ya watu.

Nilijiambia, leo ni leo. Nilisimama na kioo mkononi nikitafuta askari barabarani. Hapakuwa na askari. Alikuwapo mama mzee tu na kuku wake. Hakuja mlangoni. Aliketi juu ya mawe yaliyobakia pembeni mwa uwanja, akaipa nyumba mgongo, akatulia.

Mke wangu alitoka mbio akijifuta mikono. "Baba watoto, mbona umesimama? Leta nyundo."

"Nyundo ya nini?"

"Ya kufungua mlango. Mama amefika."

"Mama wa nani?"

Hapo ndipo alipogundua kwamba sikujua kitu. Alinieleza palepale, kwa haraka, jinsi unavyomweleza mtu aliyelala hotuba nzima. Yule alikuwa mama mzazi wa mke wa fundi. Mumewe alikuwa amekufa, na binti yake alikuwa ndiye mtoto pekee aliyebaki. Hakuwa na mtu wa kumtunza. Lakini kwa desturi yao, mwanamume haonani na mama mkwe wake uso kwa uso, na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hata kama mvua inanyesha mawe. Kwa hiyo fundi alikaa akafikiri kama mwashi. Akakata chumba kutoka nusu yake mwenyewe, akakipa mlango unaotokea kwangu tu. Mama akiingilia kwangu, akila jikoni kwangu, basi amekuja kwangu. Ni mgeni wangu. Kwa mkwewe hajalala.

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Mwanamume atakwambiaje habari ya mahali mama mkwe wake atalala? Ni aibu. Mke wake aliniambia mimi, siku ile ya kamba. Nikadhani wewe ndiye mchoraji, unajua kuliko mimi."

"Lakini mlango haupo," nilisema. "Mimi niliukwangua. Kwa wembe."

Nilimwona akikusanya siku zote zile kichwani mwake, moja baada ya nyingine, na kuzielewa. "Mkewe anasema upo," alisema mwishoni. "Anasema mumewe alimwambia upo, na unangoja mwenye nyumba aufungue. Nilidhani ni maneno ya kumtuliza tu." Akaingia ndani akatoka na nyundo, akaliokota barazani lile tindo la fundi, akaniwekea mkononi.

Nilianza pale penye sauti butu. Plasta ilianguka kwa mapande. Nilipofika juu kidogo ya kichwa changu tindo liligonga kitu kigumu, nikakwangua, nikaona zege. Ilikuwa linta, ule mhimili unaobeba mawe juu ya mlango. Hakuna anayeweka linta mahali pasipokuwa na mlango. Ilikaa sawasawa kabisa, imelala kwenye mabega yake pande zote mbili, na chini yake mawe yalikuwa yamepangwa kwa udongo mtupu, bila saruji hata chembe, hata yale ya chini niliyoyakagua, ambayo bila shaka aliyatoa na kuyapanga upya nilipokuwa Naivasha. Ndiyo maana yalilia vile nilipogonga. Niliyashika kwa mkono yakatoka mazima, moja moja, kama yaliyokuwa yakiningoja.

Niliketi chini kwenye vumbi. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeshaona aibu nyingi. Alikuwa amejua tangu siku ile alipoinua kitambaa kwenye jua. Kovu la wembe halionekani mezani, lakini mwanga ukipita ndani yake linaonekana, na yeye aliliona, akaona na nia yangu iliyokuwa nyuma yake, akasema sawa, akaniwekea linta.

Mama mzee aliingia kwa mlango wa jikoni kwangu. Alipita katikati ya vumbi bila kuuliza, akamkabidhi mke wangu kuku, akaingia chumbani kwake.

Fundi alirudi jua likielekea kuzama, akaingia kwake kwa mbele. Chumba cha mama sasa kilikuwa na milango miwili, na ule uliotokea sebuleni kwake ulipaswa kuzibwa, usije ukamkutanisha naye. Mke wake alikuwa amekwisha kuning'iniza blanketi pale. Nilimbebea mawe niliyoyatoa, nikayazungusha uani hadi barazani kwake. Aliyapanga safu kwa safu, safari hii kwa saruji. Jiwe la mwisho liliingia na hapakubakia nafasi wala jiwe. Alikuwa amejenga milango yote miwili kwa kipimo kimoja.

"Fundi," nilisema, "mbona hukuuliza kwa nini niliutoa?"

Alifuta mwiko wake. "Ningekuuliza, ungemwambia nani? Wewe unakaa na Mzungu siku mzima, karani. Mimi pia nilikuwa nakuangalia."

Nilikumbuka benchi la Bwana wa Lokesheni, ambalo lilikuwa bado na joto langu.

Bwana mwenyewe alikuja kukagua kabla mwezi haujaisha, na fomu mkononi, na askari wake nyuma. Alikwenda upande wa fundi, akahesabu watu, akaridhika. Alipofika ujiani kwangu alisimama.

"Hii mlango kwa ramani hakuna."

"Ni kosa langu, bwana. Nilisahau kuuchora."

"Wewe? Sahau?"

"Ndiyo, bwana."

"Chora tena." Kisha akasukuma mlango. Mama mzee alikuwa ameketi kitandani akichambua maharagwe. "Na hii nani?"

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Kwenye fomu yake, chini kabisa, lilikuwapo jina ambalo halikuwa na mtu. Barua ya ruhusa ya mama yangu ilikuwa haijaja, na nilijua kwamba nikiitumia nafasi ile, ikija itakuta imejaa. Nilimfikiria mama huko rizavu. Nilifikiria pia kwamba labda ndicho alichokuwa akikitazama fundi siku ile alipoinamia fomu yangu, na kwamba labda hata hili alikuwa ameshalipima. Nilikasirika. Kisha nikafungua mdomo.

"Ni mama yangu, bwana."

Bwana aligeuka. "Mama, huyu mtoto yako?"

Mama mzee hakujua Kiswahili. Alinitazama, akamtazama Bwana, akasema maneno kadhaa kwa lugha yake, polepole, akininyooshea kidole chenye ganda la haragwe. Ndipo nilipomwona askari akishtuka. Alikuwa mtu wa kwao. Alielewa kila neno. Alinikazia macho, akauangalia ule mlango mpya, akageukia upande ambako sauti za watoto wa fundi zilisikika. Nilishika fremu ya mlango.

"Nasema nini?" Bwana aliuliza.

"Anasema ndiyo, bwana," askari alijibu. "Ni mtoto yake."

Bwana aliweka alama ya penseli kwenye mstari wa mama yangu, akaenda zake.

Jioni, jikoni, nilimwomba mke wa fundi amuulize mama yake alisema nini hasa. Alimuuliza. Mama mzee alijibu bila kuinua macho kwenye chungu, na binti yake akacheka kidogo, akanigeukia.

"Anasema hakujua ule Mzungu anataka nini. Alimwambia tu, huyu ndiye alinifungulia mlango."

Upande wa pili wa ukuta tulimsikia fundi akikohoa. Mimi nilikunywa chai yangu, ilikuwa imepoa.